Salmonela iliyohamia katika damu

WENGI tunaijua salmonela kama ugonjwa wa chakula kilichoharibika: mtu huhara siku chache, akapona. Lakini katika Afrika kusini mwa Sahara kuna ukoo wa bakteria hao, uitwao ST313, ambao huingia katika damu na kuua. Wanaoshambuliwa zaidi ni watoto wadogo, hasa wenye malaria au utapiamlo, na watu wazima wenye virusi vya Ukimwi.

Mwaka wa 2009 wanasayansi walichapisha jeni zote za bakteria mmoja wa ukoo huo aliyepatikana Malawi. Ajabu ni kwamba alikuwa amepungukiwa. Baadhi ya jeni zilikuwa zimefutika, nyingine zimeharibika zisifanye kazi. Bakteria wa homa ya matumbo, anayeishi kwa binadamu peke yake, ana upungufu kama huo. Ndiyo maana wataalamu wanashuku kwamba ST313 naye anauzoea mwili wetu.

Alichopata ni kipande cha jeni kinachomkinga na kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita Septrin. Bakteria hupeana jeni za namna hiyo, hata na wasio wa jamii yao. Kila dawa inapotumiwa, walio nazo ndio wanaobaki na kuzaana.

Mzazi ajue hili: mara nyingi mtoto huwa na homa tu, bila kuhara, ikadhaniwa ni malaria. Hata malaria ikionekana kweli, bakteria hawa wanaweza kuwemo pia. Hutambuliwa kwa kuotesha damu katika maabara, kazi ya siku kadhaa, na mtoto aliyezidiwa huanzishiwa dawa kabla majibu hayajatoka.