Atele inashika kidole, hainyooshi mfupa

Leo siongei juu ya mihogo. Naongea juu ya miguu, sababu wengi wetu tunaumia kimya na kutuma pesa kwa wauzaji wa kwenye simu.

Mi niko na lisanse ya agronomia, na kazi yangu ni kupanda na kushuka milima ya Walungu kutembelea wakulima. Siku ya kutetea memwari nilivaa viatu vya ncha nyembamba, namba 38, na mguu wangu ni 39. Niliendelea kuvivaa kila Jumapili na kila mkutano. Mwaka jana ile nundu iliyo kando ya kidole gumba ikaanza kuwaka moto. Jioni moja nilirudi kutoka shambani kiatu kikiwa mkononi. Nikawaza: nikishindwa kutembea, hii kazi itaenda kwa mwingine.

Ndipo nikanunua atele, kile kifaa cha plastiki na mikanda kinachovuta kidole gumba kirudi mahali pake. Dola 25. Muuzaji aliahidi: "Miezi tatu, mguu inanyooka." Nililala nayo miezi minne. Asubuhi kidole kiko sawa. Saa sita mchana kimerudi palepale.

Mtaalamu wa kinesiterapi ndiye alinieleza. Madaktari wanaita haluksi valgusi. Ile nundu si mfupa mpya uliomea. Mfupa mrefu wa wayo unasogea upande wa mguu wa pili, kidole gumba kinainamia vidole vingine, basi kichwa cha mfupa kinajitokeza na kiatu kinakisugua. Kwenye picha ya mifupa wanapima pembe: chini ya digrii 15 ni kawaida, kupita 40 ni kali. Umbo hilo mara nyingi linatembea katika familia (mama yangu analo), na viatu vya kubana vinaongeza. Atele inavuta nyama na kano usiku; mfupa wa mtu mzima haiubadilishi. Ukiitoa, uzito wa mwili na kiatu vinarudisha kidole.

Hapo nikajicheka, juu hilo ni somo langu. Mche wa avoka ukiufungia kijiti, unakua wima. Mti wa miaka 20 ulioinama, vuta kamba unavyotaka: ukifungua, unarudi.

Je, atele ni ya kutupa? Hapana. Inaweza kupunguza maumivu wakati umeivaa, na kipande laini cha silikoni kati ya vidole kinazuia kusuguana. Lakini ikileta ganzi au kidonda, toa. Mwenye ugonjwa wa sukari asiivae bila kumuona daktari, juu anaweza kupata kidonda bila kusikia. Na kidole kikivimba ghafla usiku mmoja, chekundu na cha moto, hiyo inaweza kuwa gauti: nenda hospitali. Anayeumia kila siku hata akivaa kiatu kipana, ndiye wa kuongea na daktari juu ya upasuaji. Wanakata mfupa na kuupanga upya, na kupona kunachukua miezi.

Mi kilichonisaidia ni kiatu. Jaribu hivi: jioni, wakati mguu umevimba kidogo, simama juu ya karatasi na uzungushe kalamu. Kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokea pembeni, hicho kiatu si chako. Viatu vyangu vyote vya kanisa vilishindwa.

Wiki iliyopita mdogo wangu, anayetetea mwezi ujao, aliniambia: "Yaya, niazime ile atele yako, mguu inaanza kuniuma." Nilimpa karatasi na kalamu. Kisha tukashuka soko la Kadutu, tukapata viatu vyeusi, vipana mbele, kwa dola 12. Hakuvipenda sana. Lakini alivivaa palepale, tukapanda mlima mpaka nyumbani, na hakusimama hata mara moja.