Barua Moja, Milango Mingi: Je, Ni Vibaya Kurudia Barua ya Maombi?

Kila mara matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ofisi yetu hujaa vijana. Wanakuja na bahasha na swali moja: "Tuandike nini?" Mwaka mmoja tulimpokea msichana kutoka upande wa Mutomo. Alikuwa na barua nzuri aliyoandika kuomba nafasi ya uuguzi katika chuo cha kwanza. Alitaka kuomba katika vyuo vingine viwili, na nauli ilikuwa imebaki kidogo. Tukamwambia, "Nenda saiba, badilisha anwani, toa nakala." Akafanya hivyo. Kumbe ndani ya barua, kwenye aya ya tatu, jina la chuo cha kwanza lilibaki vilevile. Chuo cha pili hakikumjibu, wala cha tatu. Hatuwezi kuapa kwamba sababu ilikuwa hiyo. Lakini wewe ungekuwa mkuu wa chuo, ukasoma kwamba kijana anatamani sana kusoma kwa jirani yako, ungefanya nini? Kosa lile halikuwa lake peke yake. Ushauri ulikuwa wetu.

Barua inahitajika wapi?

Kwanza tujue kwamba si kila mlango unafunguliwa kwa barua. Nafasi za serikali katika vyuo vikuu, pamoja na SEKU pale Kwa Vonza, hugawiwa kupitia KUCCPS, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Hapo kinachoangaliwa ni alama zako na kozi ulizochagua. Mtu akikuambia ulipe pesa akuandikie insha ya KUCCPS, kaa na pesa yako.

Barua inahitajika kwa basari, kwa wafadhili, kwa baadhi ya vyuo vya binafsi na vya kanisa, na kwa vyuo vya ng'ambo. Tangu CDF ianze mwaka 2003, familia nyingi za Kitui na Makueni zimezoea fomu za basari. Lakini kuzoea kujaza si sawa na kujua kujieleza.

Kurudia barua si dhambi

Vijana wengine huogopa, ati kutumia maneno yale yale mara mbili ni udanganyifu. Sivyo. Maisha yako ni yale yale, popote unapoomba. Huko Marekani kuna fomu ya pamoja iitwayo Common Application, iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15. Mwanafunzi huandika insha moja isiyozidi maneno 650, nayo inaweza kwenda kwa vyuo hadi 20. Lakini vyuo vingi huongeza maswali yao wenyewe, kama vile, "Kwa nini umechagua chuo chetu?" Uingereza, kupitia UCAS, maelezo ya mwombaji huenda kwa vyuo vyote alivyochagua, kwa kawaida hadi vitano. Kwa hiyo huko ukitaja chuo kimoja kwa jina, umejiharibia kwa vile vingine.

Fikiria sweta ya shule. Mtoto mkubwa akimaliza, mdogo wake anaweza kuivaa. Lakini akienda shule nyingine, lazima nembo ibadilishwe.

Kinachobaki na kinachobadilika

Kinachobaki ni habari zako: umezaliwa wapi, umesoma wapi, umepata alama gani, umefanya nini nyumbani na kijijini. Kinachobadilika ni namna ya kumweleza msomaji wako.

Tuseme umekulia karibu na mto Tiva. Kamati ya basari ya hapa Kitui haihitaji kufundishwa kiangazi ni nini. Wao wanataka hesabu: karo ni kiasi gani, mmelipa kiasi gani, deni ni kiasi gani, na nani anakutegemea. Lakini mtu wa chuo cha ng'ambo hajui kwamba mto unaweza kukauka na watu wakachimba mchanga kutafuta maji. Yeye mweleze: uliamka saa ngapi, ulibeba mitungi mingapi, na bado ukasoma vipi. Chuo cha uuguzi nacho kinataka kujua kwa nini unataka kuhudumia wagonjwa. Kama ulimuuguza nyanya yako, hiyo ndiyo habari ya kuweka mbele.

Maneno yatofautiane, ukweli usitofautiane. Usiwe yatima katika barua moja na mwana wa mkulima katika nyingine. Barua ya chifu na cheti cha kifo huombwa mara nyingi, na uongo hujulikana. Pia usinakili barua ya rafiki yako. Kamati ikisoma barua kumi zinazofanana, haijui nani ni nani.

Hatua za kufuata

1. Andika barua kamili nyumbani, kwenye daftari, kabla ya kwenda saiba unakolipia muda.
2. Piga mstari chini ya kila neno linalohusu chuo kimoja tu: jina, kozi, mji, tarehe. Hayo ndiyo ya kubadilisha kila mara.
3. Soma swali la kila chuo upya. Kama barua yako haijibu swali hilo, andika aya mpya.
4. Isome kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Sikio hukamata kosa ambalo jicho limezoea.
5. Weka orodha: umeomba wapi, siku gani, umesema nini. Ukiitwa kwa mahojiano utaulizwa hayo hayo.
6. Usiache barua na nakala ya kitambulisho chako kwenye kompyuta ya saiba.

Yule msichana alirudi mwaka uliofuata. Tulikaa naye asubuhi nzima na daftari lake. Alituma barua tatu, kila moja na aya yake. Aliitwa kwa mahojiano mahali pamoja, na swali la kwanza lilihusu nyanya yake. Alijibu bila kusita, kwa sababu lilikuwa jambo lake mwenyewe.

Wazazi na viongozi wa jumuiya, mtoto akiomba pesa ya saiba, kwanza mwulizeni: "Daftari liko wapi?"