Ziwa Victoria: kanuni nyingi, vipimo vichache

Mfanyabiashara wa samaki wa Mwanza anaijua bei ya sangara ya jana, ya mwaloni na ya kiwandani, bila kufungua daftari. Muulize ziwani kumebaki sangara kiasi gani, atakuelekeza serikalini. Serikalini watakuonyesha ripoti ya utafiti wa mwisho. Hapo lazima uulize utafiti huo ulifanyika lini, na nani aliulipia.

Uvuvi wa majaribio, ambao ni sehemu ya utafiti huo, ni kazi isiyo na mbwembwe. Nyavu za matundu tofauti huunganishwa na kutegwa usiku kucha. Asubuhi kila samaki hupimwa urefu na uzito, hupasuliwa ili ionekane kama amekomaa, kisha huandikwa alinaswa na tundu la inchi ngapi. Meli ya utafiti nayo hukokota juya kwenye maji yenye kina, vipimo vikawa vilevile. Watu hawa hawavui ili wauze. Wanatafuta jibu la swali moja: mvuvi wa kesho aruhusiwe kuvua nini, kwa wavu gani? Mwenye duka asiyehesabu bidhaa zake hajui kama anakula faida au anakula mtaji, na Ziwa Victoria limekaa miaka mingi bila kuhesabiwa.

Hesabu ya kwanza ya maana ilifanyika mwaka 1927 na 1928. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, nyavu za kiwandani zikaingia, na haukupita muda mrefu wavuvi wa Ghuba ya Kavirondo wakaanza kulalamika kwamba ngege, samaki wa jamii ya sato, wanapungua. Wakoloni wakamleta Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, azunguke ziwa akitega na kupima. Ripoti yake ya 1929 ilikuwa na mambo mawili mazito. Kwanza, nyavu zenye matundu chini ya inchi tano zikatazwe, kwa kuwa humnasa ngege kabla hajazaa. Pili, kumleta ziwani samaki mkubwa anayekula wenzake ni hatari kubwa, kusifanyike bila utafiti wa kina.

Ushauri wa kwanza ukawa sheria miaka ya 1930. Wavuvi waligundua upesi kuwa wavu wenye tundu dogo unajaza mtumbwi leo, maofisa wakachoka kukimbizana nao, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 katazo likaanza kuondolewa. Ngege akaporomoka. Ushauri wa pili nao haukudumu, maana miaka hiyohiyo ya 1950 sangara, samaki wa aina hiyohiyo aliyeonywa, aliingizwa ziwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa kwa baraka za serikali.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na kila mwekezaji. Kati ya 1969 na 1971 meli ya utafiti ilikokota juya pande zote za ziwa. Ikaonekana kwamba furu, visamaki vidogo ambavyo soko halikuvithamini sana, ndio waliokuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wanaokaa karibu na sakafu ya ziwa. Kwa mtu wa mipango, hiyo ilisomeka kama mali iliyolala bure. Mwaka 1976 Mwanza ikapata kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo, na meli za kukokota juya zikaanza kazi. Furu wa Ghuba ya Mwanza wakaanza kupungua kabla sangara hajatamalaki, kisha yeye akaja kumalizia. Kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kupima mara moja, kujenga kiwanda, na kuchukulia kwamba samaki watabaki palepale wakisubiri.

Miaka ya 1980 sangara aliteka ziwa, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja na Entebbe. Biashara ya kijiji ikawa biashara ya ndege za mizigo. Wakala wa kiwanda anamkopesha mvuvi nyavu, injini na mafuta, mvuvi analipa kwa samaki, na boti la barafu linazunguka visiwani kukusanya. Sidhani kuna mazao mengine ya Kanda ya Ziwa yaliyoingia soko la Ulaya kwa kasi kama hiyo.

Soko hilo lilikuja na masharti yake. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Afrika Mashariki kwa sababu ya kipindupindu, na 1999 ukazuia tena baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Viwanda viliumia, lakini angalia jinsi mambo yalivyobadilika: maabara zikapatikana, wakaguzi wakaajiriwa, mialo ikawekewa sakafu za zege na maji safi. Mnunuzi alitaka uthibitisho kwamba mnofu ni salama, akaupata ndani ya miaka michache. Hakuna mnunuzi aliyedai kwa ukali uleule uthibitisho kwamba samaki bado wapo.

Kazi ya kuhesabu iliangukia miradi. Nchi tatu zinazogawana ziwa, Tanzania asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6, zilianzisha kwa mkataba wa 1994 Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Taasisi za utafiti za nchi hizo, TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya na NaFIRRI kwa Uganda, zikaanza mwaka 1999 kupima kwa mwangwi. Meli hupita kwenye mistari iliyopangwa, chombo kinapiga sauti majini na kusoma inavyorudi; dagaa huonekana kama wingu karibu na uso wa maji, sangara mkubwa kama nukta iliyojitenga. Juya hushushwa hapa na pale kuhakikisha kwamba mashine na samaki wanasema jambo moja. Majira nayo yana maana yake: Februari maji ya chini huishiwa hewa na samaki wakasogea juu, Agosti maji yanachanganyika nao wakatawanyika. Ukipima msimu mmoja tu unaweza kudanganyika.

Fedha zilitoka kwa sehemu kubwa Umoja wa Ulaya. Mradi ulipokwisha 2002, vipimo vya mwangwi vikasimama, vikarudi 2005 chini ya mradi mwingine. Katika pengo hilo viwanda havikufungwa na mitumbwi haikuegeshwa. Hesabu ya 2008 ilionyesha kwamba uzito wa sangara ziwani umeshuka chini ya nusu ya ule uliopimwa mwanzoni, mawaziri wakashtuka, na 2009 wakatangaza operesheni ya kumwokoa sangara. Ingejulikana mapema kama mtu angekuwa majini akihesabu.

Hadi hapo kanuni zilikuwapo tayari. Miaka ya 2000 nchi tatu zilikubaliana kwamba viwanda vipokee sangara wa kati ya sentimita 50 na 85 tu. Mipaka hiyo haikutoka hewani. Ilitokana na kupasua samaki na kuangalia. Dume hukomaa akiwa mdogo, jike huchelewa, na wale wakubwa kabisa karibu wote ni majike wenye mayai kwa mamilioni. Kikomo cha chini kilikusudiwa kuwapa vijana nafasi, cha juu kuwalinda mama zao. Kwenye karatasi, ilikuwa kanuni nzuri.

Kwenye soko iligongana na fedha. Sangara wa chini ya sentimita 50 akikataliwa kiwandani hatupwi. Anawekwa chumvi, anakuwa kayabo, anavushwa kwenda Kongo. Sangara mkubwa naye ana bondo, ule mfuko wa hewa unaonunuliwa China kwa bei inayoifanya minofu ionekane bidhaa ya pembeni, na kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo lake linavyopanda bei. Kwa hiyo ukubwa uleule ambao kanuni hiyo ilitaka ubaki majini ndio ambao mnunuzi wa mabondo anautafuta. Mvuvi anayedaiwa na wakala hatabishana sana na hesabu hiyo.

Jibu la serikali limekuwa nguvu. Uganda iliwapeleka wanajeshi ziwani 2017, ikasisitiza mitumbwi isipungue futi 28. Tanzania ilifanya Operesheni Sangara 2018, ikachoma nyavu haramu za makokoro na timba kwa marundo na kuvitoza viwanda faini. Wenye viwanda wengi watakuambia samaki walirudi. Huenda. Wavuvi wadogo watakuambia waliopoteza mtumbwi na riziki hawakurudishiwa chochote, na hilo nalo ni kweli. Ninachokiona mimi ni kwamba bajeti ya mafuta ya doria hupatikana, lakini bajeti ya mafuta ya meli ya utafiti husubiri mfadhili. Bila ya pili, ya kwanza haiwezi hata kuthibitisha kwamba imefanikiwa.

Ugonjwa huu wa kanuni bila vipimo haupo Victoria peke yake. Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani, wafanyabiashara wa Kigoma walitaka kujua jambo moja la haki kabisa: baada ya miezi mitatu migebuka na dagaa wataongezeka kwa kiasi gani? Anayetakiwa kusimamisha mtaji wake kwa robo mwaka anastahili kupewa takwimu za kabla na za baada.

Serikali za nchi tatu hukusanya tozo kwenye sangara. Tanzania hutoza mrabaha kwa kila shehena inayovuka mpaka. Sehemu ya fedha hizo itengwe kwa sheria, isiguswe kwa matumizi mengine, igharimie vipimo viwili kila mwaka, Februari na Agosti, mradi uwepo au usiwepo. Matokeo yasifungiwe Jinja. Yasomwe kwenye mialo kwa lugha ya wavuvi, mbele ya viongozi wa vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo (BMU) na mawakala wa viwanda, kabla waziri hajatia saini kanuni mpya. Na wenye viwanda, ambao benki huwakopesha kwa kuangalia mitambo yao, waanze kudai takwimu hizo kwa ukali walioonyeshwa na wanunuzi wa Ulaya mwaka 1998.