Dripu ya Haraka kwa Mtoto Mwenye Homa: Funzo Lililotoka Kilifi



Wapo jamaa zetu wa Pwani waliohamia Meru na Isiolo kwa kazi na biashara. Mtoto akizidiwa na homa usiku, wazazi hawachagui. Hukimbilia hospitali iliyo karibu, kama ile ya Misheni ya Mtakatifu Theresa iliyoko Kiirua, kaunti ya Meru. Huko, sawa na hapa kwetu, mganga wa zamu hukabiliwa na swali zito. Mtoto mikono imekuwa baridi, anahema kwa shida, fahamu zinampotea. Je, atiwe maji mengi ya dripu kwa haraka, au yaende polepole?

Kwa miaka mingi jawabu ilikuwa moja: maji, tena haraka. Ndivyo ilivyofundishwa Ulaya na Marekani, na hoja yake ilieleweka, kwani damu isipozunguka vyema viungo hudhurika. Lakini hakuna aliyekuwa ameipima kanuni hiyo kwa uadilifu katika hospitali zetu, ambako mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua ni adimu na watoto wengi huja na malaria na upungufu wa damu.

Kipimo hicho kilifanywa kati ya mwaka 2009 na 2011, kikiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoko Kilifi. Hospitali sita zilishiriki: Kilifi, Teule ya Muheza, Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. La kwanza lilipewa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu maji ya polepole ya kawaida. Wote walipata dawa na huduma nyinginezo kwa usawa.

Matokeo yaliwashtua wataalamu. Katika saa 48 za mwanzo walifariki asilimia 10.6 ya watoto wa fungu la albumini, na asilimia 10.5 ya wale wa maji ya chumvi. Katika fungu la polepole walifariki asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka, watatu zaidi walipoteza maisha. Utafiti ulisimamishwa Januari 2011 kabla ya kutimiza idadi iliyokusudiwa, ili mtoto mwingine asitiwe hatarini.

Kwa nini hatari hiyo haikuonekana mapema? Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika saa ya kwanza watoto waliotiwa maji ya haraka ndio walioonekana kupata nafuu upesi. Mikono ilipata joto, muuguzi akafurahi, mzazi akashukuru. Vifo vilikuja baadaye, moyo na mishipa viliposhindwa kazi. Jicho la mtu mmoja katika wodi moja lisingeweza kuligundua jambo hilo, lilihitaji mizani.

Mizani hiyo si ngeni katika historia ya Waislamu. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika kwamba aliwatoa damu wagonjwa wa kundi moja na kwa makusudi akaliacha jingine, ili ajue kama tiba hiyo ina manufaa.

Ndugu wazazi, tusije tukafahamu vibaya. Utafiti huu haukuwahusu watoto wanaoharisha na kukaukiwa na maji, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na kumcheleweshea ni kumdhuru. Aidha, hakuna mzazi apaswaye kuing'oa dripu kwa sababu amesoma makala. Linalotupasa ni kumuuliza mganga kwa adabu: maji haya ni ya nini, yanakwenda kwa kasi gani, na nani atamtazama mtoto usiku?

Na siku tukiombwa idhini ya mtoto kuingia katika utafiti, tusitoroke wala tusitie sahihi kwa woga. Tuulize nini kinalinganishwa, na kama kamati ya maadili imeuidhinisha. Kura ni halali pale tu wataalamu wasipojua kweli tiba ipi ni bora. Mzazi ana haki ya kukataa, na mtoto wake hanyimwi matibabu kwa hilo.

Shirika la Afya Duniani liliubadilisha mwongozo wake kuhusu maji haya mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo kuchapishwa. Wodi ya Kiirua haikuwa miongoni mwa zile sita, lakini mtoto anayelazwa humo leo anastahili faida ya elimu iliyopatikana kwa watoto wa Kilifi, Muheza na Uganda, ambao baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao, awaponye wagonjwa wetu, na awaongoze waganga wetu katika lililo sawa. Amin.