Dawa Inayotangulia Usiku

Saa nane za usiku mgonjwa wa saratani anaanza kugumia. Vidonge alivyomeza juzi leo havipiti kooni, na duka la dawa limefungwa. Hapo ndipo gari la wagonjwa huitwa, na mtu aliyeomba afie kitandani kwake anamalizia saa zake chini ya taa za hospitali.

Uingereza, daktari akiona mgonjwa amebakiza siku au wiki chache, huandika dawa mapema zikawekwa nyumbani. Kwenye kisanduku mna mofini ya maumivu na kukosa pumzi, midazolamu ya mahangaiko, haloperidoli au mwenzake wa kutuliza kichefuchefu, na hiosini ya kupunguza mate yanayokoroma kooni. Mna sindano pia, na karatasi ya maagizo yenye sahihi. Familia ikipiga simu, muuguzi wa zamu huja akachoma chini ya ngozi. Hahangaiki kutafuta mshipa kwenye mkono uliobaki mfupa.

Visanduku vingi hurudishwa bila kuguswa, na hiyo si hasara.

Mimi karatasi hiyo ya maagizo ndiyo ningeisoma kwanza. Ripoti ya mwaka 2018 kuhusu hospitali ya Gosport War Memorial, huko huko Uingereza, ilibaini kwamba zaidi ya wagonjwa 450 walifupishiwa maisha kwa dawa za jamii ya mofini ambazo hali zao hazikuzihitaji. Huko nako dawa ziliandikwa mapema, ila kwa vipimo vilivyoachwa wazi mno, kutoka kidogo hadi kingi cha hatari. Kipimo cha kuanzia kiwe kidogo, sababu ya kila dawa iandikwe, na ndugu waelezwe kwa utulivu. Mofini iliyopimwa vizuri hutuliza maumivu, haimharakishi mtu kaburini. Ndugu asiyeambiwa hivyo atakiogopa kile kisanduku kama jeneza.

Uganda wana njia yao. Tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini ya maji, inayonywewa nyumbani bila sindano. Chupa hukaa karibu na kitanda. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa nne, na kile cha kulalia muuguzi humwelekeza mlezi akitoe maradufu, ili saa nane za usiku zimpite usingizini, na mlezi naye apate kufumba macho.