Banda, Zizi na Mfugo: Istilahi za Sheria Ndogo za Makazi

Sheria ndogo ndiyo sheria iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi. Ndiyo inayoweza kumwambia afuge ng'ombe wangapi kiwanjani na asijenge nini uani. Mamlaka za miji hupata uwezo wa kuitunga katika Sheria Na. 8 ya 1982. Mamlaka za wilaya, pamoja na vijiji, huupata katika Sheria Na. 7 ya mwaka huo huo. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo neno la Kiswahili lililomo katika sheria ndogo si kivuli cha neno jingine, bali ndilo sheria yenyewe. Likiwa legelege, atakayeumia ni mwenye kiwanja.

Makala haya yanakusudia kuchambua maneno machache ya aina hiyo kwa kutumia mfano wa Morogoro, ambako mji na shamba vimekaribiana mno. Kihonda ni viwanja vya tambarare. Bigwa imekaa chini ya Milima ya Uluguru. Na huko juu Mgeta wakulima hufuga nguruwe na, tangu miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei. Maneno yanayotumika ni yale yale, lakini hayataji vitu vile vile.

Tuanze na *banda*. Kwa mfuga mbuzi wa mlimani, banda ni kijumba kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye sakafu ya fito zilizoachana ili kinyesi kidondoke chini. Mjini, banda laweza kuwa la kuku, la gari, la seremala, au hata la kuonyeshea sinema. Sasa tuseme halmashauri fulani imeandika: "Ni marufuku kujenga banda katika eneo la makazi." Mwenye kuku watano na mwenye karakana ya kuchomelea vyuma wote wawili wamevunja sheria, ingawa mtungaji alimkusudia mmoja tu. Anayebaki na uwezo wa kuamua banda la nani livunjwe ni msimamizi, wala si sheria. Hapo ulegevu wa istilahi hugeuka mlango wa uonevu.

Neno la pili ni *ufugaji wa ndani*. Kanuni za kilimo cha mijini za 1992 zilikataza kuchunga mifugo mjini, zikaruhusu ng'ombe wasiozidi wanne kwa mtu mmoja, ilimradi walishwe mahali walipofungwa. Wengi huuita utaratibu huo "ufugaji wa ndani". Lakini ndani ya nini? Afisa afya hukataza kulala nyumba moja na mifugo, na bwana mifugo huhimiza ufugaji wa ndani. Msikilizaji ana haki ya kushangaa. *Ufugaji wa bandani* unaondoa utata huo.

La tatu ni *mnyama kipenzi*. Neno hili linaenea, na katika mazungumzo halina ubaya. Katika sheria lina kasoro: linauliza habari za moyo wa mwenye mnyama, na moyo haupimwi. Paka anayelinda ghala la mahindi dhidi ya panya ni kipenzi au mtumishi? Na mbwa wa lindo je? Inafaa sheria itazame matumizi. Anayefugwa kwa maziwa, nyama, mayai au kazi ya shamba ni *mfugo*. Mbwa na paka ni *wanyama wa nyumbani*. Sungura na njiwa, ambao huweza kuangukia pande zote mbili, watajwe kwa majina.

La nne ni *ujazo mdogo*. Katika upimaji wa viwanja, maneno haya hutaja eneo lenye nyumba chache na viwanja vikubwa. Mwananchi asiyezoea lugha ya wapimaji hudhani ameambiwa kiwanja kidogo, na mtu aliyedhani hivyo hawezi kujua kama eneo lake linamruhusu kufuga. Sheria ndogo iandike wazi: *eneo la nyumba chache*.

Mwisho, maneno kama "karibu" na "mbali" yapewe kipimo. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeonyesha njia: haikusema "karibu na mto", bali ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Katika mji unaopitiwa na mto utokao Uluguru, banda la nguruwe "karibu na maji" lingezusha ubishi usiokwisha. Mita 60 hupimwa kwa kamba.

Kwa muhtasari, tunapendekeza:

*jengo la uani*: jina la jumla la kila jengo dogo lililo nje ya nyumba kuu, katika kiwanja hicho hicho;
*banda la mifugo*: jengo la uani lenye paa, la kufugia;
*zizi*: ua wa mifugo usio na paa;
*kizimba*: kifungio kidogo cha kuku au sungura, kinachoweza kuhamishwa;
*karakana*: jengo la kazi ya ufundi, lisiitwe banda.

Wafasiri na makarani wa halmashauri wasiishie kwenye kamusi. Kabla ya rasimu kupitishwa, isomwe kwa sauti mbele ya mfuga kuku wa Kihonda na mfuga mbuzi wa Mgeta. Wakielewa mambo mawili tofauti, kosa si lao. Rasimu irudi mezani.