Gusa Udongo, Cheki Salio: Sakulenti za Kangemi na Pesa Zake

Ukitoka Westlands na Waiyaki Way kuelekea Uthiru, ukifika Kangemi utaona miche imepangwa kando ya barabara: ua, maua, miti ya matunda. Siku hizi sakulenti nazo hazikosekani, ile mimea midogo ya majani mazito yaliyojipanga mviringo kama ua la waridi. Kuna wateja wetu wanaoinunua kwa simu, na kuna wanaoiuza. Leo tunaongea na nyote, maana kinachoua mmea huu ndicho kinachoua biashara yake: haraka.

Usimwagilie kama sukuma wiki

Inayopendwa sana ni echeveria, ambayo asili yake ni Mexico. Majani yake ndiyo tangi lake la maji. Ukiimwagilia kila siku, mizizi inakosa hewa na kuoza, na majani ya chini yanageuka manjano na kulegea.

Kwa hivyo gusa kwanza. Ingiza kidole kwenye udongo: ukihisi unyevu, wacha. Ukiwa mkavu hadi chini, mwagilia udongo, si majani, mpaka maji yatoke kwa matundu ya mkebe. Mkebe usio na matundu chini ni kaburi. Changanya udongo nusu kwa nusu na mchanga wa mto au kokoto ndogo ndogo.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na baridi ya Julai hufanya udongo ushike maji siku nyingi. Miezi hiyo weka mikebe chini ya paa, lakini penye mwanga. Ukiona mmea umerefuka shingo na majani yameachana, unatafuta jua. Usiutoe kivulini na kuuanika jua la saa sita siku hiyo hiyo, utaungua. Usogeze polepole, kwa wiki moja au mbili. Na ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye maungio ya majani, wapanguse kwa pamba yenye spiriti.

Jani moja, mmea mmoja

Hapa ndipo pesa ilipo. Ng'oa jani zima bila kulikata katikati, lianike kivulini siku tatu hadi tano mpaka kidonda kikauke, kisha lilaze juu ya udongo mkavu kidogo. Baada ya wiki kadhaa litatoa mizizi na kaua kadogo. Vichipukizi vinavyoota kando ya mama ni vya haraka zaidi: tenganisha, kausha, panda. Hata hivyo, kutoka jani hadi mkebe wa kuuza ni miezi, si siku.

Onyo moja: usiende porini kung'oa mishubiri ukauze. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, na tangu 2007 kuna kanuni zinazosimamia biashara hiyo. Zalisha kutoka mimea ya nyumbani.

Meseji si pesa

Tuseme unauza mkebe kwa shilingi 200. Mteja ameegesha gari, anataka mitano, anakuonyesha meseji kwa simu yake: "Imethibitishwa." Unampakilia, anaondoka. Jioni unahesabu, hakuna kitu. Hujapoteza 1,000 tu. Umepoteza miezi yote uliyongoja majani yale.

Muuzaji, fanya hivi:

- Usiamini simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwa simu yako, kisha cheki salio lako mwenyewe. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, salio haliandikwi.
- Kama umemwachia mtu kibanda na ujumbe wa till unaingia kwa simu yako, mkubaliane: hakuna mmea unaoondoka kabla hujampigia na kusema pesa imefika.
- Mtu akipiga akidai ametuma kimakosa na anataka urudishe, usimtumie wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja aombe kurudishiwa. Ukishatuma kwa mkono wako, ni vigumu kuzirudisha.
- Tenga till ya biashara na laini ya nyumbani. Mwisho wa mwezi, taarifa ya till itakuonyesha kama mikebe inakulipa au unailisha tu.

Na wewe mnunuzi:

- Picha nzuri mtandaoni si mmea. Muuzaji usiyemjua akitaka malipo yote kwanza, omba kulipa mmea ukifika, au pitia Kangemi uushike kwa mkono.
- Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama si la muuzaji wala biashara yake, simama na uulize.
- Namba ya siri ni yako peke yako. Hata sisi hatutakuuliza.

Muuzaji akikwambia, "Subiri kidogo, bado haijaingia," usikasirike. Hakushuku wewe. Anafanya kile utakachofanya nyumbani kabla ya kushika jagi la maji: anagusa udongo kwanza.